Kutu ya chumvi kwa gari la modeli lililovunjika

Modeli ikipasuka bodi au kung'oka mlango, usiitupe: igeuze mkweche unaofufuliwa gereji. Mlango wenyewe uegemeze kando, umepigwa praima (rangi ya msingi) ya kijivu tu. Bodi ipake rangi ya kahawia ya kutu, ikauke kabisa. Lowesha kidogo pale maji yanapotuama kwenye gari halisi, yaani chini ya milango na kingo za madigadi, kisha nyunyiza chumvi ya mawe iliyopondwa. Punje zisilingane, la sivyo kutu inaonekana kama madoa ya ndui. Ikikauka, puliza rangi ya juu, tabaka jembamba. Halafu sugua kwa mswaki wenye maji: chumvi inabanduka na rangi iliyoifunika, kutu inachungulia. Ukipuliza rangi ya maji ikiwa chepechepe, chumvi huyeyuka kabla haijafanya kazi.