Kabla Hujakubali Kinundu Kikatwe

Kinundu kisichoeleweka huonwa na mtaa mzima kabla hakijaonwa na daktari wa ngozi. Jirani atasema jipu, muuza dawa atasema fangasi. Waitikie, kisha fanya haya.

Kipige picha juani, sarafu ikiwa kando, na urudie kila mwezi. Acha kukipaka vitu. Krimu ulizokwisha kupaka zibebe uzionyeshe.

Kagua nyayo, viganja na chini ya kucha. Kwetu watu weusi melanoma, kansa ya ngozi iliyo hatari, hupenda kujificha huko. Bob Marley ilimwanzia kwenye kidole cha mguu, ikadhaniwa ni jeraha la mpira. Alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Kovu la moto la zamani likifungua kidonda kisichopona, usingoje. Mwenye ualbino ndiyo asingoje kabisa.

Sasa hili lishike. Ami yangu alikuwa mpakiaji mizigo bandarini Kilindini, Mombasa. Alitoka kinundu begani, kigumu, chekundu cha kahawia, hakiumi. Kwa kuwa ni bega la magunia, kila mtu aliona ni sugu, baadaye keloidi, yaani kovu lililovimba. Zahanati moja ya mtaani ikampiga ganzi, ikakikata, ikamshona, akarudi kwa matatu siku ileile. Kinyama kikaenda pipani. Haukupita muda mrefu kikarudi palepale kwenye mshono, safari hii vitatu vimeungana. Hospitali kubwa swali la kwanza likawa, "Mzee, ripoti ya patholojia iko wapi?" Yaani majibu ya maabara ya kile kinyama. Akatoa risiti. Ndiyo karatasi pekee aliyokuwa nayo.

Ikabidi waanze upya: kipande kingine, hadubini, kisha kipimo cha rangi kinachotafuta CD34, protini inayosaidia kuutambua uvimbe wa aina hii. Jibu: dematofibrosakoma, uvimbe adimu wa kansa unaokua polepole na kutambaa chini ya ngozi mbali kuliko jicho linavyoona. Ukikatwa kwa kubana, hurudi. Mara ya pili walikata kwa upana hasa, wakaziba kwa ngozi ya paja. Magunia akayaaga.

Kwa hiyo uliza kabla ya sindano ya ganzi: kipande kinakwenda maabara gani, na nani anakipeleka? Wakikwambia "kinaonekana kawaida tu", sema bado unataka kipimwe. Kama ni cha kuchukua sampuli, kichukuliwe kwa kina. Uvimbe kama wa ami ukikwanguliwa juujuu unaweza kusomeka kama kitu kisicho na madhara. Kiwekwe kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, ya asilimia 10, ujazo wake kama mara kumi ya kipande, si maji ya chumvi. Jina liandikwe kwenye chupa yenyewe, maana vifuniko hubadilishana. Ukipewa ukibebe mwenyewe, sema uvuke nacho kwa feri ya Likoni, kifuniko kikazwe, na usikitie kwenye friza ati kisioze. Barafu huharibu chembe.

Ripoti itoe nakala. Maabara hubaki na kipande ndani ya bloku ya nta, nawe unaweza kuomba kipelekwe kwa mtaalamu mwingine, jambo la busara jibu likiwa la ugonjwa adimu. Ulizia mapema bima italipia nini. Nenda na mtu, kwa sababu ukishasikia neno kansa mengine yote hayaingii masikioni. Na ukipigiwa simu kwamba majibu "yako sawa", kachukue karatasi.