Namna ya Kuchagua, Kuvaa na Kutunza Lulu

Anayetaka kununua lulu kwa mara ya kwanza hana budi kuanza kwa kujua ni kitu gani anachokinunua, kwa sababu lulu haichimbwi ardhini kama almasi wala haihitaji kukatwa na fundi ili ing'ae. Hutoka katika mwili wa chaza au kome ikiwa imekwisha kukamilika. Mnyama huyo hutandaza tabaka juu ya tabaka za chokaa, nyembamba mno, zilizoshikanishwa kwa protini, na mwanga unapoziingia hurudishwa kutoka katika kila tabaka, hata lulu ikaonekana kana kwamba ina taa ndani yake. Mwanga huo ndio wa kununua.

Kwa karne nyingi watu walinunua zaidi uadimu wa lulu. Wapiga mbizi wa Bahrain na pwani nyingine za Ghuba walishuka kwa pumzi moja, na chaza wengi walipasuliwa kabla ya kupatikana lulu moja iliyofaa kuvaliwa. Ndiyo maana mwaka 1917, huko New York, kampuni ya vito ya Cartier iliweza kupata jumba zima katika barabara ya Fifth Avenue kwa dola 100 pamoja na kidani cha nyuzi mbili za lulu asilia kilichokadiriwa kuwa na thamani ya dola milioni 1. Wakati huo, mabadiliko yalikuwa yamekwisha kuanza Japani, ambako Mikimoto Kokichi alifaulu mwaka 1893 kumfanya chaza atengeneze nusu lulu kwa kupandikizwa kiini, yaani kipande kidogo ambacho tabaka hujengeka juu yake. Lulu za mviringo za kufugwa zilipoenea sokoni katika miaka ya 1920, bei za lulu asilia zilianguka, na pambo lililokuwa la malkia likaanza kuvaliwa na watu wengi zaidi. Karibu kila lulu inayouzwa leo ni ya kufugwa. Nayo ni lulu halisi, kwa kuwa kazi ya mwanadamu ni kuanzisha tu, na kinachobaki hufanywa na mnyama mwenyewe.

Unapochagua, tandika kitambaa cheupe karibu na dirisha, uweke kidani juu yake na ukitazame kwa mwanga wa mchana, kwa maana taa za dukani huipamba hata lulu dhaifu. Tafuta taswira ya dirisha juu ya kila punje: kingo zake zikiwa kali, mng'ao ni mzuri, zikififia na punje ikafanana na chaki, mara nyingi tabaka zake ni chache na hazitadumu. Kisha vingirisha uzi polepole ili uone alama, umbo, na jinsi punje zinavyolingana. Kwa maoni yangu, ukubwa uwe wa mwisho katika orodha, kwani lulu ndogo yenye mwanga hupendeza kuliko kubwa iliyopooza.

Lulu za akoya, aina ya chaza wa baharini, ambazo Japani imezifanya maarufu, ni za mviringo na mara nyingi zina upana wa milimita 6 hadi 9. Zile kubwa nyeupe au za dhahabu hutoka Australia, Indonesia na Ufilipino, na zile nyeusi zenye vivuli vya kijani hutoka Polinesia ya Kifaransa. Anayeanza atafanya vyema kutazama lulu za maji baridi kutoka China: nyingi hukuzwa bila kiini kigumu, hivyo ni tabaka za lulu pekee hadi katikati, na bei yake ni nafuu.

Ili kutambua bandia, sugua punje mbili taratibu: za kweli hukwaruzana kidogo kama zenye mchanga laini, na za kioo au plastiki huteleza. Tazama pia tundu kwa kioo cha kukuzia, kwani rangi ya bandia huambuka hapo. Njia hizi hazitofautishi lulu asilia na ya kufugwa; kwa hilo inahitajika maabara yenye eksirei. Hata hivyo, kuvaa bandia si aibu. Coco Chanel, mbunifu wa mavazi wa Ufaransa, alichanganya lulu bandia na za kweli waziwazi, na kidani cha nyuzi tatu cha Jacqueline Kennedy, mke wa Rais John F. Kennedy wa Marekani, ambacho kilikuwa bandia, kiliuzwa mnadani mwaka 1996 kwa dola 211,500.

Urefu huamua mavazi. Kidani cha sentimita 35 hadi 40 hukaa shingoni na hufaa shingo ya nguo iliyo wazi. Cha sentimita 45 hivi huteremka hadi chini kidogo ya mfupa wa mtulinga na hukubali karibu kila vazi, kwa hiyo ndicho ningekushauri uanze nacho. Kinachozidi mita 1 waweza kukizungusha mara mbili au kukipiga fundo kifuani.

Utunzaji unahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu katika kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, ambacho almasi ina ugumu wa 10, lulu ina kati ya 2.5 na 4.5 tu, na asidi huiyeyusha. Jipake manukato na dawa za nywele kwanza, vaa lulu mwishoni, na uzivue kabla ya kitu kingine chochote. Zifute kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo ili kuondoa jasho, usizitumbukize katika siki wala sabuni kali, na uzilaze peke yake ndani ya mfuko wa kitambaa, mbali na vito vigumu. Kidani kinachovaliwa mara kwa mara kipelekwe kwa sonara kila mwaka au miwili kitungwe upya kwa uzi wa hariri, na umwombe apige fundo baada ya kila punje, ili uzi ukikatika idondoke lulu moja tu.