Kreni ya Meccano ya zamani? Usivute ndoano kwa mkono

Jamani mkipata seti ya kreni ya Meccano ya zamani (vile vyuma vya kuchezea vya kuunganisha kwa nati na bolti), msianze kuvuta ndoano kwa mkono mkidhani imekwama. Baadhi zina ile gia iliyojisokota kama skrubu, inashikana na gia ya meno, sasa raha yake ni kwamba ukizungusha hendo mzigo unapanda polepole na ukiachia haushuki wenyewe, gia inaukaba. Ukilazimisha kutoka upande wa ndoano utakula meno ya gia bure (mi nishaharibu moja hivyo, iliniuma). Zungusha hendo tu.

Kabla ya hapo toa uzi wa zamani, huwa umeoza, weka mpya mwembamba na uupitishe katikati ya kapi, ukikaa pembeni unachomoka na kujisokota kwenye ekseli. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila ekseli latosha, ukimwaga mengi yanashika vumbi.

Nati ikipotea usilazimishe yoyote, vyuma vyake ni vipimo vya Kiingereza, matundu yamepishana nusu inchi, na nati za milimita haziingii vizuri.