Irente kwa miguu: njia ya kutoka Lushoto mjini hadi ukingoni

Wageni wengi wanaofika Lushoto hukodi bodaboda mjini, wanashushwa Irente, kwenye ukingo wa milima ya Usambara unaotazama tambarare, wanapiga picha tano wamesimama juu ya jabali, kisha wanageuza. Naumia nikiwaona. Njia ile nimeipita tangu nikiwa mtoto, nikimsaidia mama kushusha kabichi na karoti sokoni, na mpaka leo, nywele zikiwa zimeanza mvi, naipita karibu kila mwezi. Ni kilomita sita hivi. Mtu mzima asiye na haraka anamaliza kwa saa moja na nusu, mwenye macho ya kuangalia anatumia tatu. Mgeni akilala kwangu haya ndiyo ninayomwambia usiku kabla hajaenda kulala.

Kwanza kufika. Ukitoka Dar kuna basi la moja kwa moja mpaka Lushoto. Ukitokea Arusha au Moshi, shuka Mombo, palepale barabara kuu, upande haisi. Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za lami na kona tupu. Barabara hiyo ilichongwa enzi za Wajerumani, inapanda kwa kuukumbatia mlima, upande mmoja ukuta wa mawe, upande mwingine korongo. Usile wali maharage Mombo halafu ukapanda gari, utajuta kabla ya Soni. Kula ndizi moja, kaa dirishani, na ukikaribia Soni uangalie maporomoko ya maji. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo ukishuka kwenye gari utalitafuta sweta kwenye begi ambalo Mombo ulikuwa unalitolea jasho.

Kuhusu majira, mimi napenda mwisho wa Agosti hadi Oktoba. Juni na Julai ni kipupwe: baridi inang'ata na ukungu hauna adabu, unaweza kukaa ukingoni mpaka saa tano asubuhi. Masika, Machi hadi Mei, milima ni mizuri ajabu, lakini udongo wetu mwekundu ukilowa unakuwa kama sabuni. Mwaka mmoja, mwezi wa Aprili, nilikata njia ya mkato kati ya mashamba ili niokoe dakika kumi. Nikateleza, mguu ukapinda chini yangu, nikashindwa kusimama. Akina mama wawili waliokuwa wanarudi na mizigo ya majani ya ng'ombe waliitua, mmoja akavua kanga ya pili akanifunga kifundo, wakanishika huku na huku mpaka barabarani. Wiki tatu nilitembelea fimbo. Kwa hiyo mvua ikiwa imenyesha usiku, shika barabara kubwa tu, na viatu viwe na soli yenye meno. Raba za mjini ziache nyumbani.

Ondoka saa moja asubuhi. Muulize mtu yeyote njia ya Irente, ataonyesha kwa kidevu. Dakika ishirini za mwanzo ni kupanda, na hapo ndipo wengi wanapokosea: wanapanda kwa nguvu kama wanakimbizwa. Watazame kina mama wa hapa wenye ndoo kichwani. Hatua fupi, mwendo uleule, hawasimami. Ukishindwa kuongea ukiwa unatembea, unakwenda mbio.

Salamu ni sehemu ya safari. Usimpite mtu mzima kimya. Sema shikamoo, ngoja uitikiwe, ndipo uendelee au uulize unachouliza. Kamera isitangulie mdomo. Na vijia vingi vya pembeni ni mipaka ya mashamba ya watu, kwa hiyo tembea juu ya njia iliyokanyagwa, usikanyage matuta. Tuta moja la karoti ni ada ya shule ya mtoto wa mtu.

Sasa tazama vizuri, maana mlima huanza kusema baada ya nyumba za mjini kupungua. Kilimo chetu hakiko kwenye mistari. Mgomba umesimama, chini yake kahawa, chini ya kahawa maharage, na pembeni majani ya ng'ombe yaliyopandwa kushika udongo usiporomoke. Juu kwenye mgongo wa kilima utaona mikaratusi, iliyopandwa kwa ajili ya mbao na kuni. Msimu wa matunda, kuanzia Desemba hivi, watoto huuza mafyulisi njiani. Nunua. Yafute kwa kanga ule palepale, yakiwa bado na ubaridi wa asubuhi.

Vinyonga wa Usambara wanajulikana duniani, wapo wa aina ambazo hazipatikani kwingine isipokuwa milima hii. Usilipie mtoto aliyemning'iniza kinyonga kwenye kijiti; ukilipa leo, kesho watakamatwa kumi. Mtafute mwenyewe, na muda mzuri ni usiku, kwa tochi, kwenye ua wa nyumba unayolala. Mchana anafanana na jani, lakini akilala rangi yake hufifia, anakuwa mweupe mweupe, na mwanga wa tochi unamtoa kwenye giza mara moja. Huwa amelala kwenye ncha kabisa ya tawi jembamba, mkia umejiviringisha kama nta ya mshumaa iliyoganda, vidole vimegawanyika mafungu mawili na kubana kijiti. Amechagua ncha kwa sababu nyoka akija, tawi litatikisika kwanza. Hamisha mwanga pembeni, mwangalie kidogo, umwache alale.

Kabla hujafika ukingoni utapita shamba la Irente, la kanisa la Kilutheri. Hapo nasema kwa moyo wote: simama. Wanatengeneza mkate mzito wa ngano nyeusi, jibini na jamu za matunda ya hapahapa. Beba mkate na kipande cha jibini. Njiani kuna pia kijiji cha Yoghoi, ambako utapata chai ya rangi. Ni vizuri ukae na chai hiyo kuliko kuwahi, kwa sababu ukifika mapema utakuta ukuta mweupe wa ukungu na kusema Irente haina kitu.

Kuingia ukingoni kuna ada, kwa hiyo uwe na pesa taslimu za noti ndogo. Kaa chini. Usisimame pembeni kabisa ili picha ipendeze. Upepo wa pale hupanda kutoka chini na hukurupuka bila taarifa, na mwamba unashuka karibu mita 1,000 mpaka tambarare. Wazazi washike watoto mkono, si kuwaita kwa sauti. Watu hushuka mpaka Mazinde, kule chini tambarare, kwa njia iliyopo, lakini usiijaribu bila mwenyeji anayeijua, na usianze baada ya saa sita mchana.

Kisha ngoja. Ukungu haufunguki wote mara moja. Hutoboka kwanza tundu dogo, na ndani ya tundu unaona kipande cha ardhi nyekundu, mbali sana chini, kama umekichungulia kupitia bomba. Tundu linafunga. Linafunguka jingine kushoto, na safari hii ni mistari ya mkonge, imenyooka kama imechorwa kwa rula. Halafu joto la tambarare linapanda usoni, huku mgongo wako bado uko kwenye baridi ya mlimani, na ghafla yote iko wazi: barabara kuu yenye malori madogo kama sisimizi, reli ya kwenda Moshi, mstari wa kijani wa mto Mkomazi unaokwenda kukutana na Pangani, na nyika ya Wamaasai mpaka macho yachoke.

Ukiwa na siku ya pili, ipeleke Magamba, kwenye msitu wa hifadhi wa asili. Huko kibali ni lazima, na umchukue mwongoza wageni mwenye kitambulisho. Mwombe akuonyeshe mkulo, mti mkubwa ambao mbao na gome lake vina harufu ya kafuri, na utege sikio kwa mbega wakiruka juu. Ukikuta kwenye mwamba wenye kivuli na maji vimaua vya urujuani vyenye majani yenye manyoya laini, hivyo ndivyo baba wa maua ya vyungu yanayowekwa madirishani Ulaya. Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire ndiye aliyevipeleka kwao miaka ya 1890, na jina la Saintpaulia limetokana naye. Usiving'oe, hata kimoja.

Kurudi kutoka Irente, kama magoti yanauma, bodaboda zipo Yoghoi. Patana bei kabla hujapanda, na mwambie dereva ashuke taratibu. Kama magoti ni mazima, teremka kwa miguu jua likiwa nyuma ya mikaratusi, na tochi iwe mfukoni, maana saa kumi na mbili na nusu kiza kinakuwa kimeshaingia kwenye mabonde.