Somo: kutunza daftari la wanachama wa klabu, hatua kwa hatua

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi hamjambo. Kila mwaka ikikaribia Julai makatibu wapya wananipigia simu na shida ni moja, nimekabidhiwa klabu ila sijui wanachama wangu ni wangapi, mwenyekiti ana orodha yake, mweka hazina ana yake, na grupu la WhatsApp limejaa watu ambao wengine walishahamia Dodoma zamani na bado wanasoma matangazo yetu. Kwahiyo leo naliweka somo lote hapa mtu asome kwa nafasi yake. Iwe klabu yako ni ya Rotary au Lions, vile vyama vya kimataifa vya kujitolea, au ni kikundi chenu cha kujitolea mlichokisajili halmashauri, kazi ni ileile.

Msimamo wangu niuseme mapema. Klabu iwe na orodha moja tu, na kila mstari kwenye orodha hiyo uwe na tarehe na karatasi nyuma yake. Karatasi ninayosema ni fomu, barua, risiti au muhtasari wa kikao. Mstari usio na karatasi ni maneno ya "nafikiri bado yupo", na hela ya klabu isitoke kwa maneno ya nafikiri.

Mana hapa kuna hela kweli. Rotary na Lions zote mwaka wao unaanza Julai 1 unaisha Juni 30, na makao makuu yanadai ada ya kila kichwa mara mbili, Julai na Januari. Rotary wanaangalia orodha ilivyokuwa Julai 1 na Januari 1, basi. Mwalimu alohamishwa toka Mei, kaaga vizuri na soda mkanywa, kama hakuna aliyemtoa kwenye orodha klabu itamlipia, na ankara ikishatoka hawaibadilishi. Tena inahesabiwa kwa dola. Hiyo ni hela ambayo ingenunua madaftari ya watoto wa shule.

HATUA YA KWANZA: kusanya kila kitu sehemu moja. Fomu za zamani, kaunta buku ya mahudhurio, stabu za risiti, muhtasari, orodha ya grupu la WhatsApp. Kaa na mweka hazina mezani mpitie jina moja moja. Ambaye yupo kwenye orodha zote huna shida naye. Anayetokea kwenye orodha moja tu, mwekee alama umpigie simu mwenyewe, usimtume mtu.

HATUA YA PILI: fomu moja kwa wote, ya ukurasa mmoja. Majina matatu, jina analojulikana mtaani, simu, mtaa au kijiji, kazi, tarehe ya kujiunga, nani kamdhamini, mtu wa kumtafuta ikitokea dharura, na sahihi. Chini weka sentensi inayosema taarifa hizi zitatumika kwa kazi za klabu tu na mwanachama amekubali. Hiyo sentensi msiipuuze, toka Mei 1, 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi hapa Tanzania, na mtu ana haki ya kujua taarifa zake unazichukua za nini.

HATUA YA TATU: kuandika. Hapa nitakaa kidogo mana ndipo orodha nyingi zinapoharibikia.

Majina kwanza. Huku kwetu Hamisi Saidi wapo wanne kwenye mtaa mmoja, alafu huyohuyo mmoja kwenye fomu ni Mohamedi, kwenye risiti Mohamed, kwenye mahudhurio kaandikwa Muhamedi, ukija kuhesabu unapata watu watatu wakati ni mtu mmoja kalipa mara tatu. Andika kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, herufi kwa herufi, majina yote matatu. Kina mama wengi tunawajua kwa jina la mtoto, Mama fulani, hilo nalo liandike ila kwenye safu yake ya pembeni, kwa sababu siku anapigiwa simu na mtu asiyemjua kwa jina la kitambulisho anaweza kusema umekosea namba.

Pili kila mwanachama apewe namba ya klabu, kuanzia 001, na namba hiyo haipewi mtu mwingine hata mwenyewe akiondoka. Majina yatafanana, namba haitofanana.

Tatu simu. Mnaotumia Excel mnanisikia? Ukiandika namba ya simu inayoanza na sifuri, Excel inaila ile sifuri ya mbele, unabaki na tarakimu tisa. Chagua safu nzima uibadili iwe ya maandishi, siyo ya namba, KABLA hujaanza kujaza, au andika zote kwa kuanza na 255. Amueni njia moja wote mfuate, msichanganye.

Nne tarehe. Usiandike 03/07/2024, mmoja atasoma tarehe tatu mwezi wa saba, mwingine na kompyuta yake watasoma Machi 7. Andika 3 Julai 2024 na hakuna atakayebisha.

HATUA YA NNE: usimfute mtu. Akiondoka, jina lake linabaki, unaongeza tu safu mbili, hali na tarehe ya hali. Hali ziwe chache: yupo, kahama, kajiuzulu, kasimamishwa, amefariki. Kila unapobadilisha andika sababu kwa kifupi na karatasi iko wapi, mfano "barua yake, faili la 2, kikao cha Aprili kimepokea". Nimeona klabu zinafuta majina ili orodha ionekane safi, miaka miwili mbele mtu anarudi anasema nilikuwa mwanachama mwanzilishi na hakuna wa kumkatalia wala kumkubalia. Inaumiza, hasa kama ni mzee wa watu kajitolea ujana wake wote.

HATUA YA TANO: ada na mahudhurio vikae karatasi nyingine, vinaunganishwa na ile namba ya mwanachama. Ukibandika kila kitu kwenye shiti moja itakuwa ndefu mpaka hutaki kuifungua. Malipo yakiingia kwa simu andika jina la aliyetuma pia, mana wengi wanatumia laini ya mke au ya mtoto, ujumbe unasoma jina ambalo halipo kabisa kwenye klabu yako.

HATUA YA SITA: kwa walio kwenye Rotary au Lions, mabadiliko yaingizwe kwenye mfumo wa makao makuu siku jambo linapotokea au wiki hiyohiyo, usisubiri Juni 28 wakati intaneti inasuasua na umeme unakatika. Aliyehamia klabu ya Lindi au Dar mhamishe na namba yake ya uanachama ya makao makuu aliyonayo. Akisajiliwa upya kama mgeni anapata namba ya pili, na michango yake ya nyuma inabaki kwenye namba ya zamani, mtu alokaribia kutimiza michango ya dola 1,000, ambayo mtu akiifikisha mfuko wa Rotary unamtambua rasmi, anaonekana ndo kwanza anaanza.

HATUA YA SABA: makabidhiano. Fungueni baruapepe ya ofisi ya katibu, siyo ya jina la mtu, pasiwedi ijulikane na watu wawili. Kopi moja kwenye kompyuta, moja kwenye flashi kwa mwenyekiti, na kila miezi mitatu mnachapa mnaweka kwenye faili. Siku ya kukabidhi katibu wa zamani na mpya wanasaini kwamba wanachama waliopo ni kadhaa, siku hiyo hiyo wanasoma majina kwa sauti mbele ya kikao. Inachukua muda ila hakuna dakika utakazokuja kuzijutia.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Nachingwea): Shikamoo katibu. Sisi hatuna kompyuta wala hatutegemei kununua mwaka huu, tunaweza kufanya haya kwa kaunta buku?
Marahaba mdogo wangu. Tena vizuri sana. Nunua ya kwaya tatu, piga mistari na rula, kila mwanachama mpe ukurasa wake mzima siyo mstari, juu andika namba na majina, chini unaacha nafasi ya mabadiliko. Kurasa za mwanzo weka faharasa ya majina kwa alfabeti. Usitumie penseli, na ukikosea kata kwa mstari mmoja usaini pembeni, usipake korekta. Alafu kila baada ya miezi mitatu piga picha kurasa zote kwa simu umtumie mwenyekiti, mvua ikivuja ofisini au mchwa wakipita mna pa kuanzia.

Swali (Masasi): kuna watu kama sita hawaji vikaoni, hawalipi, na hawajiuzulu. Ukiwapigia wanasema nakuja. Tuwatoe?
Katiba yenu inasemaje kaka? Anza hapo. Usimtoe mtu kwa hasira ya katibu. Muandikie barua, mpe siku, mfuate hata nyumbani mana wengine hawaji kwa sababu ya aibu ya deni na si kwamba wameichoka klabu. Mkishindwana, kamati ikae iamue, iandikwe kwenye muhtasari, nawe ndo ubadilishe hali yake kwa tarehe ya kikao hicho. Pigeni hesabu haya yote yaishe kabla ya Juni kuisha. Ukianza Juni 20 umechelewa.

Swali (Tandahimba, mweka hazina): wanachama wangu wengi ni wakulima wa korosho, Julai hawana kitu kabisa, wanalipa hela ya AMCOS (chama cha ushirika kinachowauzia korosho) ikiingia. Kwenye daftari naonekana nina wadaiwa miezi yote.
Dada hili ni la kwetu wote huku kusini. Juni na Julai mkulima yuko shambani anapuliza salfa, hela yote iko kwenye mikorosho, minada ya korosho inaanza Oktoba. Kwahiyo badala ya kumdai Julai, kubalianeni kwenye kikao kwamba anayelipa msimu huu analipia Januari inayokuja NA Julai inayofuata. Kwenye leja ongeza safu inayosema "malipo haya yanafika mpaka", unaandika mfano 31 Desemba. Hapo ukiangalia Julai unaona kabisa nani kaishalipiwa na nani bado, na klabu inakuwa na hela ya ankara mkononi kabla haijaja.

Swali (Mikindani): nilimtumia mama mmoja ujumbe wa kumkumbusha ada, akajibu mtu mwingine kabisa kwa matusi. Kumbe laini alishaiacha.
Pole sana mama. Laini isipotumika muda mrefu kampuni inaigawa kwa mtu mwingine, kwahiyo namba ya mwaka juzi usiiamini. Kwenye orodha weka safu ya "simu imehakikiwa lini", na mara mbili kwa mwaka pitisha karatasi kikaoni kila mtu aangalie namba yake aweke tiki. Na ujumbe wa deni usiandike kiasi wala jina lote, andika tu "naomba tuwasiliane kuhusu klabu". Deni la mtu ni siri yake.

Swali (Lindi mjini): mwenzetu akifariki tunafanyaje kwenye rekodi?
Siku hiyohiyo, kabla hata ya kwenda msibani, mtoe kwenye orodha ya ujumbe wa simu. Fikiria mjane kashika simu ya marehemu halafu inaingia meseji ya klabu inadai ada. Kwenye daftari badilisha hali, andika tarehe, usifute chochote, deni lake kamati ilifute kwa muhtasari. Makao makuu nako mtoe na useme sababu ni kifo. Alafu chapisha historia yake, alijiunga lini, miradi gani alishiriki, uwape familia. Hawa wanashukuru sana kupata hiyo karatasi, na ni daftari zuri tu linaloweza kuitoa.

Swali (Mtwara, Shangani): kwa nini kwenye fomu yako hakuna namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa? Na sisi tunaweka na kundi la damu kwa sababu huwa tunaenda kuchangia damu hospitali ya Ligula.
NIDA chukua kama kuna kazi inayoihitaji kweli, mfano wale wanaosaini benki. Tarakimu nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa ya mtu, na namba nzima ina tarakimu 20. Excel inashika 15 tu, zilizobaki inazigeuza sifuri bila kukuambia, kwahiyo kama ni lazima iandike kwenye safu ya maandishi. Kundi la damu ni habari ya afya, sheria inaihesabu kuwa taarifa nyeti, inatakiwa mtu akubali kwa maandishi. Mimi ningeitoa kwenye orodha kuu kabisa. Anayetaka kuchangia aorodheshwe kwenye karatasi ya siku hiyo, kundi lake hospitali wanalipima wenyewe.

Swali (Ruangwa): mtu alijiuzulu, sasa anataka kurudi. Nimpe namba mpya?
Hapana, mrudishie ileile. Mjazishe fomu mpya kwa sababu simu na makazi yamebadilika, ila kwenye ukurasa wake andika mstari mpya chini ya ule wa kujiuzulu, "amerudi, tarehe fulani, kikao fulani". Kama mko Rotary muulize namba yake ya zamani ya makao makuu, kama kaisahau itafuteni kwenye rekodi za klabu kabla hujabonyeza kusajili mtu mpya.