SOMO: Kisigino kinachouma ukikanyaga asubuhi

Wakuu, swali hili naulizwa kila wiki, sasa naliandika mara moja. Kisigino kinachoma ukishuka kitandani, ukitembea kinalegea, jioni baada ya kusimama sana kinarudi. Mara nyingi ni fashia ya unyayo, utando mgumu unaotoka mfupa wa kisigino hadi vidoleni.

1. Acha kutembea pekupeku kwenye sakafu ngumu.

2. Kabla hujakanyaga chini asubuhi, weka mguu unaouma juu ya goti la pili, vuta vidole kuelekea ugoko, hesabu hadi 10. Rudia mara 10, kutwa mara tatu.

3. Nyoosha kigimbi ukiegemea ukuta.

4. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Simama kwenye ngazi kwa mguu mmoja, taulo lililokunjwa chini ya vidole. Nyanyua kisigino kwa sekunde 3, tulia 2, kishushe kwa 3. Mara 12, mizunguko mitatu, SIKU MOJA NDIYO, SIKU MOJA HAPANA. Fashia iliyoumia huwekewa kwanza kolajeni changa (protini inayounda nyuzi za utando huo), nyuzi zimekaa ovyo; kuzipanga upya huchukua miezi, na zinajipanga kufuata mvuto zinaoupata. Ukilala tu, zinabaki ovyo. Ukirudi kukimbia mapema, unazichana hazijakomaa. Kipimo chako ni asubuhi inayofuata: ikiuma kuliko jana, punguza. Ikiwa shwari, baada ya wiki mbili beba begi lenye vitabu mgongoni.

5. Subiri. Wengi hupona ndani ya mwaka bila upasuaji.

MASWALI

Mzee wa Lami: Kwa nini nisichome sindano tu yaishe?
Jibu: Sindano ya steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe) hutuliza kwa wiki kadhaa, lakini inaweza kudhoofisha fashia mpaka ikachanika. Fanya hatua ya 4 kwanza, sindano uizungumze na daktari wako.

Chapchap: Nimefanya siku mbili, hakuna kitu.
Jibu: Nimeandika miezi. Soma tena.

Binti Pwani: Eksirei imeonyesha mfupa umeota kama mwiba. Ndio unaonichoma?
Jibu: Umeuliza jambo la maana, dada. Watu wengi wana mwiba huo na hawasikii maumivu yoyote, na wengine wanaumia bila kuwa nao. Kwa hiyo usikimbilie kuukata. Mazoezi ni yaleyale, na fashia inaweza kupona mwiba ukiwa palepale.

Mama Lishe: Mimi nasimama jikoni kutwa. Nimetumia kanga iliyokunjwa badala ya taulo, na usiku nabingirisha unyayo juu ya chupa ya maji yaliyoganda.
Jibu: Kanga inafaa kabisa, ikunje iwe nene vidole vinyanyuke. Chupa inatuliza maumivu, endelea, ila isichukue nafasi ya zoezi.

Binti Pwani: Mama yangu ana kisukari, naye aweke chupa?
Jibu: Hapana. Kisukari huweza kutia nyayo ganzi, na nyayo zenye ganzi haziisikii barafu ikiunguza ngozi. Apimwe miguu hospitali kwanza, hata zoezi asianze kabla ya hapo.