Namna ya Kuchagua Jeni Rejea kwa Utafiti wa Umetaboli wa Ng'ombe wa Maziwa

Mtafiti anayepima RNA mjumbe (nakala zinazoonyesha jeni inafanya kazi kiasi gani) ya ini au kiwele kwa PCR ya wakati halisi, yaani mbinu ya kuzidisha nakala hizo huku mashine ikizihesabu, hulinganisha jeni anayoichunguza na jeni nyingine anayoamini kwamba haibadiliki. Hiyo ya pili ndiyo jeni rejea. Ikiwa nayo inapanda na kushuka, hesabu yote huenda upande, na mashine haitatoa onyo lolote. Mwongozo huu unamlenga mtafiti anayechukua sampuli kwa wafugaji wa Mtwara na Lindi, ambako ng'ombe wengi wa maziwa ni chotara na malisho ya kiangazi hayafanani kabisa na ya masika.

Kwanza, zitilie shaka jeni zilizozoeleka. GAPDH ndiyo inayotumiwa zaidi kwa mazoea, ilhali ni kimeng'enya cha njia ileile ya kuvunja na kutengeneza glukosi. Katika wiki tatu kabla na wiki tatu baada ya kuzaa, ng'ombe hula pungufu ya mahitaji ya mimba au maziwa yake, mafuta ya mwilini huyeyushwa, na ini hulazimika kutengeneza glukosi kwa wingi. Kuitumia GAPDH kama kipimo katika kipindi hicho bila kuipima kwanza ni kumfanya mshtakiwa awe shahidi. ACTB ni ya kiunzi cha seli, na inaweza kubadilika seli za mafuta zinaponywea. RNA ya ribosomu ya 18S ni nyingi mno ikilinganishwa na RNA mjumbe, na kwa kuwa haina mkia wa adenini, haifai pale unaponakili RNA kuwa DNA kwa praima (vipande vifupi vya kuanzishia unakili) za oligo-dT, ambazo hushika mkia huo.

Badala yake, andaa orodha ya jeni zisizopungua nane zenye kazi tofauti. UXT, RPS9 na MRPS15 zimewahi kupendekezwa kwa kiwele cha ng'ombe. PPIA, HMBS na YWHAZ nazo zinastahili kujaribiwa. SDHA hupatikana katika orodha nyingi, lakini imo katika mzunguko wa Krebs, ambao ni sehemu ya umetaboli wa nishati unaochunguzwa, kwa hiyo mimi ningeiingiza kwa tahadhari. Tofauti ya kazi ina sababu yake: jeni mbili zinazoongozwa na kichocheo kimoja hupanda pamoja, uwiano wao haubadiliki, na programu za kupima utulivu huzitangaza kuwa tulivu ilhali zote mbili zimehama.

Kiwele kina mtego wa ziada. Ng'ombe anapoanza kutoa maziwa, RNA mjumbe za kaseini (protini kuu ya maziwa) huongezeka mno, na kwa kuwa kila sampuli hupewa kiasi kilekile cha RNA, jeni nyingine huonekana kupungua kwa sababu tu zimezimuliwa. Usiikatae jeni wala kuikubali kabla ya kulizingatia hilo.

Sampuli za kupimia utulivu lazima zitoke katika makundi yote ya utafiti: kabla na baada ya kuzaa, kiangazi na masika, wanaolishwa mashudu na wanaotegemea majani. Sampuli kumi ni mwanzo unaofaa. Kipande cha ini kichukuliwe na daktari wa mifugo, kwa kibali cha maadili. RNA huharibika upesi, na joto la pwani halisaidii; kutoka Newala au Nachingwea hadi maabara, naitrojeni ya kimiminika ndiyo salama zaidi, na wahamilishaji wanaohifadhi mbegu za madume ni watu wa kwanza wa kuulizwa inakopatikana.

Ondoa DNA kwa kimeng'enya cha DNase, kisha hakikisha uwiano wa ufyonzaji wa mwanga wa nanomita 260 kwa 280, ambao ni kipimo cha usafi wa RNA, unakaribia 2.0, na uweke kidhibiti kisicho na kimeng'enya cha kunakili, ili kuonyesha kama DNA imebaki. Praima zivuke mpaka wa eksoni (vipande vya jeni vinavyobaki katika RNA mjumbe), ili zisizidishe DNA iliyobaki. Hapa chotara wanahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu jenomu rejea ya ng'ombe ilisomwa kutoka kwa ng'ombe wa aina ya Hereford, na tofauti ya herufi moja iliyotoka upande wa zebu, ikiangukia chini ya praima, inaweza kushusha ufanisi kwa baadhi ya ng'ombe tu. Chora mstari wa mzimuo, yaani wa sampuli zako mwenyewe zilizozimuliwa hatua kwa hatua: mteremko wa −3.32 ni ufanisi wa asilimia 100 (nakala huongezeka maradufu kila mzunguko), na kati ya −3.6 na −3.1 unakubalika.

Matokeo yapitishwe katika programu zaidi ya moja. geNorm, iliyotolewa mwaka 2002, hutoa thamani ya M, kipimo cha kuyumba kwa jeni, ambayo ikiwa chini ya 0.5 ni nzuri kwa tishu ya aina moja. Hutoa pia thamani ya V, inayoonyesha hesabu inabadilika kiasi gani jeni moja ikiongezwa; ikishuka chini ya 0.15, huna haja ya kuongeza jeni nyingine. NormFinder, programu nyingine, hutazama pia tofauti kati ya makundi, na kwa utafiti wa kabla na baada ya kuzaa mimi huupa uamuzi wake uzito mkubwa zaidi. Jeni mbili au tatu zilizofaulu zitumike pamoja, kwa wastani wa kijiometri, na thamani zake za M na V ziandikwe katika ripoti. Ukihama kutoka ini kwenda kwenye mafuta ya chini ya ngozi, jaribio la utulivu lirudiwe, hata kama ng'ombe ni walewale.